Boila ya mtonesho: jinsi ya kutoa moshi na maji yake nje kwa usalama

Boila ya gesi inayopasha radieta na maji ya kuoga katika nyumba za Uingereza siku hizi huwa ya mtonesho (condensing). Tangu Aprili 2005 kanuni za ujenzi za England na Wales zinataka boila mpya ya gesi iwe ya aina hiyo, isipokuwa pale penye kikwazo kilichothibitishwa. Boila ya zamani ilitupa kwenye dohani moshi wenye joto la nyuzi za Selsiasi 150 na zaidi, na mvuke uliomo ukaenda zake na joto lake. Hii ya sasa hupitisha moshi kwenye kibadilisha joto mpaka upoe chini ya nyuzi 55 hivi. Hapo mvuke hugeuka maji, na joto lililokuwa ndani yake huingia kwenye maji ya radieta. Ufanisi wa asilimia 90 na ushee unatoka hapo.

Kwa hiyo boila hii ina vitu viwili vya kutolewa nje. Moshi wake ni wa baridi na umelowa, hauna nguvu ya kupanda wenyewe, ndiyo maana feni huusukuma. Maji yake ni ya asidi, pH 3 hadi 5, na si machache: mita moja ya ujazo ya gesi asilia ikiungua hutengeneza maji ya lita 1.6 hivi, na boila ya kilowati 24 ikifanya kazi kwa nguvu zote inaweza kutoa lita 2 kwa saa. Siku ya baridi kali hujaza ndoo ya lita 10 bila shida.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na mashine hii mara ya kwanza wakihamia Leicester, London, Toronto au Minneapolis, kwa kuwa nyumba za Mombasa na Dar es Salaam hazina haja nayo. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mpangaji na fundi bomba. Unafuata vipimo vya Uingereza, kisha unaeleza yanayobadilika Marekani na Kanada. Kitabu cha boila yenyewe kikitaja kipimo tofauti na cha hapa, fuata kitabu.

Nani anaruhusiwa kugusa nini

Uingereza, kazi yoyote ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Bomba la moshi limo ndani ya kazi hiyo, hata kama halipitishi gesi mbichi. Kulikata, kulirefusha, kufungua maungio yake au kufungua kifuniko kinachoziba chumba cha moto ni kazi ya fundi huyo peke yake. Akifika, mwombe kadi yake. Mbele kuna picha, namba na tarehe ya mwisho. Nyuma kuna orodha ya kazi anazoruhusiwa. Geuza usome nyuma, kwa sababu aliyefuzu majiko ya kupikia si lazima awe amefuzu boila.

Bomba la maji ya mtonesho ni jambo jingine. Fundi bomba wa kawaida anaweza kulitandaza kutoka chini ya boila mpaka kwenye maji taka, na fundi wa gesi akalikagua anapoiwasha boila. Mwenye nyumba naye ana kazi zake: kuangalia kichwa cha bomba la moshi (ncha yake iliyo nje), kuvika bomba la maji la nje koti la kuzuia baridi, kuyeyusha barafu, kupima king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu.

Hatua ya 1: anza na maji, kisha moshi

Wengi huchagua mahali pa boila kwa kutazama kabati lililo tupu na ukuta ulio karibu na nje. Tunashauri uanze upande wa pili: tafuta kwanza maji yatakwenda wapi. Moshi una feni nyuma yake, na bomba lake linaweza kurefushwa na kupindishwa kwa kiasi. Maji hayana kinachoyasukuma ila mteremko. Ukiweka boila mahali ambapo bomba la maji litalazimika kupita nje mita 4 au 5, umenunua matatizo ya kila Januari kwa miaka 15.

Mpangilio wa ubora ni huu. Bora kuliko yote ni kuunga kwenye bomba kuu la maji taka la choo lililo ndani ya nyumba. Katika nyumba ya ghorofa zisizozidi tatu, muungano uwe angalau milimita 450 juu ya sakafu ya mpindo ulio chini kabisa ya bomba hilo. Linalofuata ni bomba la sinki la jikoni au la mashine ya kufulia, ndani kwa ndani. Hapo unga kabla ya trapu ya sinki (mpindo wa bomba unaobaki na maji ili hewa chafu isirudi ndani) kama nafasi ipo. Ukiunga baada yake, unahitaji trapu nyingine yenye maji ya kina cha milimita 75 pamoja na mwanya wa hewa, la sivyo maji ya sinki yakishuka kwa kasi yatavuta maji yote kwenye trapu ya boila. Chaguo la tatu ni kutoka nje mpaka kwenye shimo la maji taka au bomba la choo la nje. La mwisho ni shimo la kunyonyea maji ardhini.

Bomba la mvua lina sharti lake: lipokee maji ya boila pale tu ambapo linaishia kwenye mfumo mmoja na maji taka. Likiishia mtoni au kwenye mtaro wa mvua peke yake, unamwaga asidi kwenye maji ya umma.

Hatua ya 2: mahali pa kichwa cha bomba la moshi

Bomba la kawaida la Uingereza ni la mabomba mawili, moja ndani ya jingine. La ndani, milimita 60, hutoa moshi. Nafasi kati yake na la nje, milimita 100, huingiza hewa inayohitajiwa na moto ili uwake. Kwa masafa marefu kuna la 80 kwa 125. Kwa kuwa hewa inatoka nje na chumba cha moto kimezibwa, boila haitegemei hewa ya chumbani, na hilo ni salama zaidi kuliko dohani ya zamani, mradi maungio yote yawe mazima.

Vipimo vya BS 5440-1, kiwango cha Uingereza cha mabomba ya moshi, kwa boila ya feni ya nyumbani, kuanzia kichwa cha bomba hadi:

- dirisha, mlango au tundu la hewa, iwe chini, juu au pembeni: milimita 300
- mfereji wa paa ulio juu yake: milimita 75
- ukingo wa paa au balkoni iliyo juu yake: milimita 200
- kona ya ukuta, ya ndani au ya nje: milimita 300
- ardhi au paa bapa lililo chini yake: milimita 300
- ukuta unaokitazama: milimita 600
- kichwa kingine kinachokitazama: milimita 1,200

Hivyo ni vipimo vya chini kabisa. Moshi wa mtonesho hutoka kama wingu jeupe zito, haupandi haraka, na hulowesha chochote kilicho mbele yake. Milimita 600 kutoka kwa ukuta wa jirani inatosha kisheria, lakini ukuta huo utaota ukungu na jirani atakuwa na haki ya kulalamika. Ukiweza, elekeza kichwa mahali ambapo wingu litatawanyika: mbali na njia ya kupita watu, mbali na dirisha la chumba cha kulala, na kamwe si ndani ya pembe iliyofungwa pande tatu ambapo moshi huzunguka na kunyonywa tena na boila. Boila inayonyonya moshi wake huungua vibaya, huzima ovyo, na kaboni monoksidi yake huongezeka.

Kichwa kilicho chini ya mita 2 kutoka ardhini, au mahali popote ambapo mtoto anaweza kukifikia, kivikwe kizimba cha waya. Mtu akijenga baadaye kibanda, chumba cha kioo au uzio mbele yake, kazi nzima imeharibika hata kama ilikuwa sahihi siku ya kwanza. Hilo hutokea sana.

Hatua ya 3: bomba la moshi lirudi nyuma

Hapa ndipo mazoea ya dohani humpoteza mtu. Bomba la boila ya mtonesho halielekei chini upande wa nje. Linainuka kidogo kuelekea nje, ili maji yanayotoneka ndani yake yarudi kwenye boila na kutoka kupitia trapu. Boila nyingi hutaka digrii 3, yaani milimita 52 hivi kwa kila mita. Nyingine hutaka pungufu, na vichwa vingine vimetengenezwa vikiwa na mteremko wao ndani. Fundi aweke pima maji juu ya bomba na apime tofauti ya kimo kwa rula. Kulikadiria kwa jicho haitoshi.

Bomba likielekea nje, maji ya asidi hudondoka ukutani usiku kucha, matofali hupata doa jeupe, na baridi ikija kichwa huota barafu mpaka feni ishindwe kusukuma. Likiwa na tumbo katikati, maji hukaa pale, njia ya moshi hubana, na boila huanza kunguruma kabla ya kuzima.

Mambo mengine ya kusimamia hapa:

Bomba likatwe kwa pembe mraba, na kingo zisafishwe zisibaki na mikwaruzo inayochana mpira wa kuzibia. Mpira upakwe mafuta yaliyotajwa na kampuni. Mafuta ya kupikia na grisi ya gari huuvimbisha. Kila kipande cha kurefushia kiwe na kishikizo chake ukutani, kwa sababu muungano unaoning'inia hufunguka taratibu. Usichanganye mabomba ya kampuni moja na boila ya nyingine, hata kama yanaingiana. Boila imepimwa na kuidhinishwa pamoja na bomba lake.

Urefu nao una mwisho. Kila elbo hula sehemu ya urefu ulioruhusiwa: ya digrii 90 huhesabiwa kama mita 1 hadi 2 za bomba lililonyooka, ya digrii 45 kama nusu yake. Jumlisha kwa karatasi kabla ya kutoboa ukuta.

Bomba likipita ndani ya dari au ukuta uliozibwa, kama ilivyo kwenye fleti nyingi zilizojengwa kabla ya kanuni kubanwa, lazima kuwe na vifuniko vya kukagulia vya angalau milimita 300 kwa 300, na hakuna muungano ulio mbali zaidi ya mita 1.5 na kifuniko. Fundi asipoweza kuliona bomba lote ana haki, na wajibu, wa kukataa kuiwasha boila. Usimwone mkaidi. Muungano uliofunguka ndani ya dari humwaga kaboni monoksidi kwenye chumba cha jirani wa juu, na hakuna anayeona chochote.

Je, bomba linaweza kuingizwa kwenye dohani ya zamani ya matofali? Dohani inaweza kuwa njia ya kupitishia, na bomba la plastiki lililoidhinishwa likapanda ndani yake mpaka juu. Kumwaga moshi huo moja kwa moja kwenye dohani ni marufuku: asidi hula chokaa ya maungio, na moshi unaosukumwa na feni hutokea kwenye kila ufa, chumba kwa chumba.

Hatua ya 4: bomba la maji

Vifaa vya kazi ya kawaida ni vichache: bomba la plastiki la milimita 21.5 au 22 kwa sehemu ya ndani, bomba la milimita 32 kwa sehemu ya nje, kiungo cha kukuzia kati yake, elbo za digrii 45, klipu, gundi ya bomba na koti la sponji lisiloingia maji wala kuharibiwa na jua. Plastiki iwe PVC, ABS au polipropilini. Shaba na chuma havifai. Asidi hutoboa shaba polepole, na tundu la kwanza kwa kawaida hutokea nyuma ya kabati ambako hakuna anayeangalia.

1. Anzia kwenye trapu. Boila nyingi huja na trapu yake ndani, yenye kimo cha maji cha milimita 75 au zaidi. Maji hayo ndiyo kizuizi kati ya moshi na chumba chako. Kama boila haina trapu, iwekwe nje yake.

2. Shusha bomba kwa mteremko usiopungua milimita 45 kwa kila mita, mfululizo, bila kupanda popote. Safari ya mita 3 inahitaji tofauti ya kimo ya milimita 135. Ukipima ukaona huna nafasi hiyo, rudi hatua ya 1 au tumia pampu, usidanganye mteremko.

3. Weka klipu kila nusu mita kwenye sehemu iliyolala. Plastiki ya 22 ikipita maji ya uvuguvugu hulegea na kuota tumbo, na tumbo likijaa maji hewa hukwama nyuma yake.

4. Tumia elbo chache uwezavyo, na badala ya moja ya digrii 90 tumia mbili za 45.

5. Kuza bomba liwe la 32 likiwa bado ndani, kabla halijaingia ukutani kwenda nje. Sehemu iliyo ndani ya ukuta ni baridi kama nje, na bomba jembamba huganda pale kwanza.

6. Sehemu ya nje isizidi mita 3, ishuke wima kadiri iwezekanavyo, na ivikwe koti lote mpaka mwisho, elbo zikiwemo. Gereji na dari isiyo na joto zihesabu kama nje.

7. Mwishoni, kata bomba kwa pembe ya digrii 45. Liingie chini ya wavu wa shimo la maji taka lakini libaki juu ya maji yaliyomo. Likizama, maji hayatoki vizuri. Likibaki juu ya wavu, upepo wa baridi huligandisha mdomoni.

Shimo la kunyonyea likiwa ndilo chaguo pekee, lichimbwe angalau milimita 500 kutoka kwenye msingi wa nyumba na lijazwe kokoto za mawe ya chokaa. Chokaa hupunguza asidi kabla maji hayajaingia ardhini.

Boila ikiwa chini kuliko bomba la maji taka, weka pampu ndogo iliyotengenezwa kwa maji ya asidi. Pampu ya kiyoyozi ya kawaida huliwa. Jambo linalosahauliwa ni swichi ya kufurika: pampu nzuri ina nyaya mbili za kuzima boila tanki likijaa. Ziungwe. Pampu isiyounganishwa na boila ikifa usiku, boila itaendelea kutoa maji mpaka dari ya chini idondoke.

Hatua ya 5: kuwasha na kupima

Kabla ya moto wa kwanza, trapu ijazwe maji. Boila ikiwashwa trapu ikiwa kavu, moshi hutokea kwenye bomba la maji na kuingia jikoni kupitia sinki. Vivyo hivyo kila mara trapu inaposafishwa: isirudishwe tupu. Boila iliyozimwa miezi mingi, kwa mfano nyumba iliyokaa bila mtu, nayo ikaguliwe trapu yake kabla ya kuwashwa.

Kisha fundi amimine lita moja ya maji kupitia njia ya mtonesho, na mtu asimame mwisho wa bomba atazame. Maji yatoke haraka na yaishe. Yakichelewa au kutoka kwa kukatakata kuna tumbo, gundi iliyomwagikia ndani, au kipande chembamba cha plastiki kilichobaki baada ya kukata.

Baada ya hapo huja kipimo cha moshi kwa mashine. Kwanza hewa inayoingia: fundi huchomeka kipima kwenye tundu la njia ya hewa, na oksijeni isipungue asilimia 20.6. Ikipungua, moshi unavuja kutoka bomba la ndani kwenda la nje, na boila isiachwe ikiwaka. Kisha moshi wenyewe, kwa moto mkubwa na mdogo: uwiano wa kaboni monoksidi kwa kaboni dioksidi usizidi 0.004. Mwombe fundi aandike namba hizo kwenye kitabu cha boila mbele yako. Uingereza pia utaletewa cheti cha kanuni za ujenzi baada ya fundi kusajili kazi. Kitunze, utaulizwa siku ya kuuza nyumba.

King'ora cha kaboni monoksidi

Kaboni monoksidi haina harufu, rangi wala ladha. King'ora chenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha ving'ora hivi, ni cha lazima kwa maoni yetu, hata pale sheria haijafika. Tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba ya kupangisha England anatakiwa kuweka kimoja katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachochoma gesi, mafuta au kuni, majiko ya gesi ya kupikia tu yakiachwa. Mpangaji ana haki pia ya ukaguzi wa gesi kila baada ya miezi 12 na nakala ya karatasi yake ndani ya siku 28.

Kiwekwe mita 1 hadi 3 kutoka kwenye boila, kwa mlalo. Kikiwa darini, kiwe milimita 300 kutoka ukuta wowote. Kikiwa ukutani, kiwe juu ya usawa wa milango na madirisha, lakini si chini ya milimita 150 kutoka dari. Kukificha ndani ya kabati pamoja na boila ni kukiziba masikio. Bonyeza kitufe chake kila mwezi, na angalia tarehe ya mwisho iliyochapwa mgongoni, maana kipimaji cha ndani huzeeka hata betri ikiwa mpya.

Kikilia, au watu nyumbani wakaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu na nafuu ikaja wakitoka nje: zima boila, fungua milango na madirisha, tokeni wote pamoja na watoto waliolala, kisha piga 0800 111 999, simu ya dharura ya gesi ya England, Scotland na Wales. Msirudi ndani kuzima taa.

Marekani na Kanada

Fizikia ni ileile, mabomba ni tofauti. Huko boila hii huitwa ya Kundi IV, na mara nyingi hutumia mabomba mawili ya plastiki yaliyotengana, moja la moshi na moja la hewa. Mteremko wa kawaida wa bomba la moshi kurudi kwenye boila ni robo inchi kwa kila futi, yaani milimita 21 hivi kwa mita.

Aina ya plastiki ndiyo suala kubwa. Kanada hutaka bomba lenye alama ya ULC S636, kiwango chake cha mabomba ya moshi ya plastiki: PVC hadi nyuzi 65, CPVC hadi 90, polipropilini hadi 110. Bomba, viungo na gundi vitoke kampuni moja. Marekani PVC nyeupe bado inaruhusiwa pale kitabu cha boila kinapoikubali, lakini ile yenye moyo wa povu isitumike kabisa. Nyumba yenye radieta za zamani zinazotaka maji ya nyuzi 80 hupandisha joto la moshi pia, na kwa nyumba hiyo tungechagua polipropilini bila kubishana na bei. PVC hurefuka kwa joto: mita 3 zikipanda nyuzi 40 huongezeka milimita 6 hadi 8, kwa hiyo bomba lisibanwe pande zote mbili mpaka likose pa kusogea.

Kichwa kiwe angalau inchi 12 juu ya kimo cha theluji kinachotarajiwa mahali hapo. Kimo cha ardhi ya Julai hakikusaidii kitu Februari. Baada ya kila dhoruba, toka ukafukue. Tundu la hewa na la moshi yatenganishwe kama kitabu kinavyoonyesha, la sivyo mvuke hurudi na kuganda kwenye tundu la hewa.

Maji kwa kawaida hukaa ndani: hushuka kwenye tundu la sakafu la chini ya nyumba au husukumwa na pampu hadi sinki ya kufulia. Sakafu ya zege na mabomba ya chuma huliwa na asidi, kwa hiyo weka kasha la mawe ya chokaa au magnesi katikati ya njia. Ukaguzi wake ni karatasi ya pH ya kutumbukiza. Ikisoma chini ya 5 baada ya kasha, mawe yamekwisha, badilisha.

Hatari moja ya huko inastahili kusemwa kwa sauti. Boila ya zamani mara nyingi ilishirikiana dohani na tangi la kuchemshia maji. Boila ikihamia kwenye bomba lake la plastiki, tangi hubaki peke yake kwenye dohani iliyo kubwa mno kwake. Moshi wake mdogo hupoa kabla ya kufika juu, hurudi chini, na kuenea nyumbani. Anayeweka boila mpya lazima aeleze kwa maandishi tangi litatoa moshi wapi: dohani ivikwe bomba jembamba ndani, au tangi libadilishwe. Ontario kazi hii ni ya fundi mwenye leseni chini ya TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya jimbo hilo. Miji mingi ya Marekani hudai kibali na ukaguzi.

Bomba la maji likiganda

Desemba 2010 baridi kali iligandisha mabomba haya katika nyumba nyingi mno za Uingereza kwa wakati mmoja, na kanuni za bomba la nje zilibanwa baada ya hapo. Nyumba zilizowekewa boila kabla yake bado zina bomba jembamba la milimita 22 ukutani nje, uchi.

Dalili ni boila kugugumia kama birika linalochemka inapojaribu kuwaka, kisha kuzima na kuonyesha msimbo. Boila za Vaillant huonyesha F.28, za Worcester Bosch huonyesha EA. Misimbo hiyo inasema tu kwamba moto haukushika. Gesi kukatika huleta misimbo ileile. Kwa hiyo hakikisha kwanza jiko la gesi linawaka.

Zima boila. Toka nje ufuate bomba la plastiki kutoka ukutani hadi shimoni. Barafu huwa mdomoni, kwenye elbo, au mahali penye tumbo. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, au mwaga polepole maji ya moto yasiyochemka juu ya bomba, birika mbili au tatu. Maji yanayochemka hupasua plastiki na kumuunguza anayemwaga. Fanya hivyo pale tu unapofika ukiwa umesimama chini. Bomba lililo juu lisikupandishe ngazi kwenye barafu. Maji uliyomwaga yatupie chumvi, la sivyo yataganda njiani pa kupita. Usifungue boila na usikate bomba ili maji yadondoke ukutani.

Washa, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya mara moja, subiri dakika chache. Ikikataa mara ya pili, mwite fundi wa gesi. Ikiwaka, ongeza joto la thamostati na uache boila ifanye kazi mfululizo usiku huo, kwa sababu maji ya uvuguvugu yanayopita mara kwa mara hayagandi kirahisi kama matone machache ya saa nyingi. Bomba likiganda tena msimu uleule, lipime: kipenyo, mteremko, urefu wa nje, koti. Kimojawapo hakitafikia vipimo vya hatua ya 4, na fundi bomba hulibadilisha kwa kazi ya nusu siku.